Gari kuukuu la baba: tulifufue au tuliuze chuma chakavu?

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kuwasalimia wazazi. Nilipoingia uani nilimkuta mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, amekaa chini ya mwembe na kijiko cha chai mkononi. Alikuwa anakwangua rangi kwenye mlango wa gari la babu yake. Magamba ya rangi yalikuwa yamemjaa mapajani, na mengine yameganda midomoni.

Nilimnyakua mbio, nikamnawisha mikono na uso kwa sabuni. Mama akanishangaa. "Kwani ana nini? Hata ninyi mlichezea hapo hapo."

Ni kweli, na sisi tulichezea hapo. Ndiyo maana nimeona wiki hii tuzungumze kuhusu magari makuukuu yaliyoegeshwa nyumbani, kwa sababu najua nyumba nyingi zinayo.

La kwetu ni Peugeot 504 ya mwaka 1979. Baba alikuwa bwana shamba, na alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali kabla sijazaliwa. Mimi nilitolewa hospitali na gari hilo nikiwa na siku mbili. Liliharibika injini nikiwa darasa la kwanza, likasukumwa hadi chini ya mwembe, na hapo lipo hadi leo. Rangi yake ilikuwa ya maziwa. Sasa juu imebaki nyeupe ya chokaa, boneti ina ramani ya kutu, na milangoni rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Siku hiyo hiyo jioni baba akatangaza jambo lake. Ameuza kiwanja kidogo alichokuwa nacho, na anataka kulifufua gari.

Kikao cha familia

Tulikaa kikao Jumapili baada ya ibada. Kaka yangu alisema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanapita kila siku na mizani yao. Mama alisema fedha za kiwanja zichimbe kisima, maana amechoka kununua maji kwa ndoo. Dada, mama wa yule mtoto, alisema lolote litakaloamuliwa lifanyike kabla ya likizo ya Desemba, wajukuu hawajajaa nyumbani.

Baba hakubishana na mtu. Alitoa simu yake akatuonyesha video. Siku hizi anaangalia sana Wamarekani wanaotoa magari ya zamani kwenye mabanda ya mashambani, Ford Mustang na Chevrolet Camaro za miaka ya 1960, zimefunikwa vumbi na vinyesi vya kuku. Wanayaosha, wanabadilisha plagi, wanaweka betri, na gari linawaka. Kwao hayo ni magari ya vijana wa enzi hizo, injini kubwa kwenye bodi ya kawaida, na mtu yupo tayari kutumia mamilioni kulirudisha moja lionekane kama limetoka kiwandani jana.

"Hao wana Mustang," baba akasema. "Sisi tuna Peugeot."

Na si kwamba anajisifia bure. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na 1969 ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 ilishinda Safari Rally pale Kenya ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na 1978 ikashinda tena, safari hiyo ikiwa mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Wazee wetu wanalikumbuka kama gari lililopita kwenye matope ambako mengine yalibaki.

Ilipofika zamu yangu nilitoa hotuba. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, nikawaambia kila nilichojua kuhusu risasi, vumbi la breki na mbu. Nikamaliza kwa kusema liuzwe kesho.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. "Mama," akasema, "umesema kweli yote. Lakini hayo yote yamekuwapo hapo miaka zaidi ya ishirini na hukusema. Umesema leo nilipotaka kulitengeneza."

Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi. Gari lililoachwa tu uani lina hatari zake hata kama hakuna fundi anayeligusa. Na kwenye nyumba nyingi hali ndiyo hiyo: halitengenezwi, haliuzwi, na watoto wanaendelea kulichezea.

Gari bovu linaweza kumdhuru mtoto vipi?

La kwanza ni madini ya risasi. Rangi nyingi za magari ya zamani, hasa ile ya chini inayozuia kutu, zilichanganywa na risasi. Baadhi ya rangi za chini nyekundu ni oksidi ya chuma isiyo na risasi, na nyingine ni za risasi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tena magari hayo yalitumia petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo masizi ya kwenye eksozi nayo si ya kuchezea.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anayemeza risasi hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza. Risasi huathiri ubongo unaokua. Mtoto anaweza kuwa mzito kujifunza, mkorofi bila sababu, akapungukiwa damu, akakosa hamu ya kula, akaumwa tumbo na kukosa choo. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Hujifichia kwenye mifupa, na mwanamke akipata mimba inaweza kutoka humo ikaingia kwenye damu hadi kwa mtoto aliye tumboni.

La pili ni maji. Tulipofungua buti la gari letu, sehemu ya tairi la akiba ilikuwa imejaa maji yenye viluwiluwi vya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue hapendi mabwawa makubwa, hutaga kwenye maji kidogo kama hayo: tairi, kopo, kifuniko. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu huyo anauma mchana, wakati mtoto hayupo kwenye chandarua.

La tatu ni joto. Watoto hupenda kujifungia ndani wakicheza dereva. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi joto kumi ndani ya dakika kumi, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Milango ya zamani inafunga vizuri kwa nje na mara nyingi imekufa kwa ndani.

La nne ni nyoka, vioo na kutu yenye ncha. Hayo kila mzazi anayajua.

Kwa hiyo kabla hata ya kuamua kutengeneza au kuuza, fanyeni haya leo. Toeni betri. Mwageni maji yote na mtoe matairi mabovu. Fungeni milango yote kwa funguo au kwa waya. Zungushieni uzio, hata wa miti, mtoto asifike. Magamba yaliyodondoka yalowesheni kwanza kwa maji, myaokote na kuyafunga kwenye mfuko, msifagie yakiwa makavu. Na msipande mchicha karibu na gari hilo.

Makadirio ya fundi

Baba alimleta fundi wa Msamvu, mzee mwenzake aliyekulia kwenye Peugeot. Alilala chini ya gari na bisibisi, akawa anachomachoma chuma. Baadaye nilimuuliza alikuwa anatafuta nini. Alisema kutu ya boneti na ya milango haimtishi, hiyo ni ya kuangaliwa tu. Anayoiogopa ni ya sakafu, ya vizingiti chini ya milango, na ya pale miguu ya gari inaposhikilia bodi. Bisibisi ikizama hapo, gari litakatika siku ya ajali hata kama limepakwa rangi ya dhahabu. La kwetu lilikuwa na matundu mawili sakafuni, lakini vizingiti vilikuwa vizima. Mwembe umetusaidia.

Kisha akaandika makadirio kwenye karatasi ya daftari. Kunyoosha bodi, kukwangua rangi yote na kupiga rangi mpya, shilingi 5,200,000. Injini, kabureta na rejeta, 1,900,000. Breki, matairi manne na mikanda ya usalama, 1,450,000. Siti na umeme, 900,000. Jumla 9,450,000.

Mama alicheka akaenda jikoni.

Nilimuuliza fundi, likishakamilika litauzika hiyo bei? Alisema wazi kwamba hapana. Mtu anayefufua gari la namna hii nyumbani kwake asijidanganye kuwa anawekeza. Anatumia fedha kwa ajili ya kitu anachokipenda, kama mwingine anavyotumia kwenye harusi.

Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa ya rangi. Na rangi ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa kuliko zote kwa mtoto wetu. Kukwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu kunaigeuza kuwa vumbi laini linaloingia kwenye mchanga, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria. Magamba anayotafuna mtoto mmoja yangekuwa vumbi la kuvuta watoto wote wa uani na wa jirani.

Nikarudi kwenye zile video za baba. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba baadhi ya wale Wamarekani hawapaki rangi kabisa. Wanatengeneza injini, breki na siti, halafu bodi wanaiacha na sura yake ya jua na mvua. Kwao ile rangi iliyochujuka ni kumbukumbu ya maisha ya gari. Ukishaikwangua hairudi.

Nikamuuliza baba kama gari likiwaka na kusimama vizuri atakubali litembee na mabaka yake.

Alifikiri. "Mimi mwenyewe nina mabaka," akasema, akagusa upara wake.

Tulichokubaliana

Fundi alipiga hesabu upya. Injini, breki, matairi, mikanda, siti na umeme vinabaki vile vile, 4,250,000. Kuchomelea matundu ya sakafu, kuosha bodi kwa maji, kuondoa tu magamba yaliyolegea yakiwa yameloweshwa, kisha kupiga klia juu ili rangi iliyobaki ishikwe isidondoke tena, 700,000. Jumla 4,950,000. Zinabaki 4,500,000 za kisima cha mama.

Kaka bado anasema ni upotevu wa fedha, na ana haki yake. Lakini amekubali.

Nikaweka masharti yangu ya afya, na haya ndiyo ningependa uyahifadhi kwenye simu kama nyumbani kwenu kuna mpango kama huu.

Kazi isifanyike nyumbani. Gari likokotwe hadi gereji, lisirudi hadi litakapokamilika. Kama hamna njia nyingine, watoto wote na mama mjamzito wahame mpaka kazi iishe na pasafishwe.

Msasa uwe wa maji, si mkavu. Rangi isichomwe kwa moto, na pale panapochomelewa iondolewe kwanza kwa maji, maana joto la kuchomelea hugeuza risasi kuwa moshi.

Vumbi la breki na klachi lisipulizwe kwa kompresa. Pedi na viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Sehemu hizo zilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa cha kutupwa. Mwambie fundi wako hilo, kwani anayepuliza vumbi hilo kila siku ni yeye.

Barakoa za kitambaa hazitoshi. Kwa vumbi inatakiwa ya N95 iliyobana uso. Kwa rangi ya kupuliza inayochanganywa na kikazishi, hata hiyo N95 haizuii mvuke, inatakiwa ile inayomletea fundi hewa safi kwa mpira, pamoja na mahali penye hewa. Mvuke huo unaweza kumwachia fundi pumu ya kudumu.

Anayefanya kazi hiyo anawe mikono kabla ya kula, avue nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, na nguo zake zifuliwe peke yake. Asimbebe mtoto kabla ya kuoga.

Na hili nawaomba sana: thina, petroli na mafuta ya taa visiwekwe kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto haulizi, anakunywa. Ikitokea amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbize hospitali na ubebe chupa yenyewe. Mafundi nao waache kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, kwa sababu ile ile.

Gari likitengemaa, bado ni gari la 1979. Halina mifuko ya hewa, na breki zake si za kompyuta. Tumekubaliana lisibebe wajukuu kwenye barabara kuu. Litakwenda kanisani, sokoni na shambani, polepole, kila mtu na mkanda wake, watoto nyuma. Kadi ya gari ilikuwa kabatini kwa mama miaka yote. Kama ya kwenu imepotea au ina jina la marehemu, malizeni hilo kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja.

Na kama kwenu bisibisi ya fundi itazama kwenye vizingiti, au fedha inayotakiwa ni ada ya shule, uzeni. Pigeni picha ya pamoja mbele ya gari, mtoe usukani mbaki nao kama kumbukumbu, na gari liende. Hilo nalo ni jibu zuri. Lisilofaa ni kusema tutaona mwakani huku mtoto anakwangua na kijiko.

Kuhusu yule mtoto

Tulimpeleka hospitali siku ya pili. Kipimo cha risasi kwenye damu hakikuwapo pale, na hakipatikani kila mahali, lakini inafaa kumuuliza daktari ni wapi kinafanyika. Kinapopatikana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara kiwango kinapofika mikrogramu 5 kwa desilita. Daktari alimpima wingi wa damu, ukawa chini kidogo. Akatuambia tusisubiri majibu ya kipimo ndipo tumtenge na gari, tumtenge sasa.

Alitushauri pia chakula, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage, mboga za majani, nyama au maini inapowezekana, na asikae na njaa muda mrefu. Chakula hakiondoi risasi iliyokwisha kuingia, ila kinapunguza inayoingia. Atarudi kliniki baada ya miezi mitatu, na dada ameshaahidiwa kuelekezwa kwenye hospitali ya rufaa kwa kipimo.

Gari lilikokotwa Jumatano. Dada alinitumia picha ya pale chini ya mwembe. Pamebaki alama nne za matairi na duara la udongo mweusi. Baba amechota udongo wa juu kwa sepetu akiwa ameulowesha, akaufukia mbali, na sasa amemwaga kifusi kipya.

Mama anasema kila asubuhi baba anaamka, anavaa kofia, anatembea hadi Msamvu kwenda kumsimamia fundi. Tangu astaafu hajawahi kutoka nyumbani kabla ya saa nne.

Wapimaji wa kisima wanakuja Jumamosi.